Homa Iliyobaki Kichwani

Nilijiwekea ahadi kwamba nisingeandika chochote kuhusu kifafa changu mpaka misimu miwili ya korosho ipite bila kuanguka. Imepita. Nilikuwa naogopa kumpa mtu matumaini halafu kesho yake nianguke sokoni, watu waseme mnamwona, yule aliyejidai kapona. Sijidai. Bado nameza vidonge asubuhi na jioni, na daktari wangu halipendi neno "kupona". Anasema nimetulia. Basi naandika kama mtu aliyetulia, kwa ajili ya yule aliyekaa leo kwenye benchi la hospitali na hajui kinachomngoja.

Naitwa Esha. Nimezaliwa Msimbati na ndiko ninakoishi na mume wangu, Selemani, ambaye kwao ni Mahurunga, upande wa mto Ruvuma. Msimu wa korosho ukifika yeye hupata kibarua cha kupakia mizigo bandarini Mtwara, anakaa mjini wiki nzima na kurudi Jumapili. Mimi nilikuwa navua pweza. Siku za bamvua, maji yakipwa mpaka mwamba unabaki wazi, wanawake tunatembea juu yake na vyuma vyetu, tunachungulia matundu. Nilifundishwa na mama yangu nikiwa mdogo, na nilikuwa na jicho. Wenzangu walikuwa wanalipita tundu, mimi nyuma yao namtoa pweza. Nasema haya ili mjue nilikuwa mtu wa namna gani. Nilikuwa mtu anayeutegemea mwili wake bila hata kuufikiria.

Homa ilinipata mvua zikiwa zinaisha, mpunga umeanza kuiva kwenye bonde la Ruvuma na watu wa Mahurunga wamehamia mashambani kuamia ndege wasiule. Kilianza kichwa, kikafuata mwili mzima. Nikapimwa malaria, haikuonekana. Siku zilizofuata ninazo vipande vipande tu. Nimeambiwa nilikuwa naongea yasiyoeleweka na kumwita Selemani kwa jina la marehemu kaka yangu. Nikapelekwa hospitali Mtwara, nikalazwa, nikachomwa sindano nyingi, homa ikashuka. Waliniambia ilikuwa homa ya ubongo, na kwamba wengi hawatoki salama. Nilirudi nyumbani nimekonda, kanga inanizunguka mara mbili, lakini nilirudi kwa miguu yangu. Majirani walikuja kunipa pole, wakala, wakaondoka. Kila mtu alidhani yamekwisha.

Mikorosho ilipoanza kutoa maua, mkono wangu wa kushoto ukaanza vituko. Unajikunja wenyewe ghafla, mdomo nao unavutwa upande huo huo, ngozi inasisimka kama mtu aliyemwagiwa maji ya baridi, kisha inapita. Ilikuwa fupi sana, hata mtu niliyekuwa nazungumza naye hakuwa anaona kitu. Aliyeona alikuwa binti yangu Rukia, ambaye ndiyo kwanza alikuwa ameanza shule. Alidhani ni mchezo. Akawa ananiiga, anakunja mkono na kupinda mdomo, anacheka, anangoja nami nicheke. Nilikuwa nacheka.

Mara ya kwanza kuanguka nilikuwa mwambani. Maji yalikuwa yameanza kurudi, yanafika magotini. Nakumbuka nimeinama, nimeingiza chuma kwenye tundu, nikasikia harufu kama ya kitu kinachoungua, nikashangaa nani anachoma nini katikati ya bahari. Baada ya hapo nakumbuka mchanga mdomoni, na uso wa Fatu juu yangu. Fatu ni wifi yangu, dada yake Selemani. Aliniambia baadaye kwamba aligeuka kuniuliza kama nimepata, akaona kanga yangu inaelea. Alinivuta kwa nywele mpaka mchangani.

Wanawake wengine walisimama mbali. Siwalaumu. Tumeambiwa tangu utotoni kwamba povu la mtu mwenye kifafa likikugusa, na wewe unaupata. Si kweli, na unayesoma hapa naomba umwambie mwenzako. Fatu aliloa povu langu mikono yote miwili, na mpaka leo ni mzima kuliko mimi.

Kliniki ya kifafa pale Mtwara iko pamoja na ya wagonjwa wa akili, jengo moja, benchi moja. Mara ya kwanza nilikataa kuketi. Nilisimama nje nimejifunika mtandio mpaka puani, nikiogopa atapita mtu wa Msimbati. Fatu aliketi kwa niaba yangu. Alinishikia nafasi kwenye foleni, akawa anasogea kila wenzake waliposogea, na mtu akimuuliza anaumwa nini anajibu kwamba anaumwa kifafa. Jina langu lilipoitwa, akasimama akanionyesha kwa kidole mlangoni. Tulipotoka tulikaa chini ya ukuta tukala ming'oko, vile viazi vya porini, aliyoichemsha nyumbani, na nilimuuliza kwa nini amesema vile. Alisema ilikuwa rahisi zaidi kuliko kueleza.

Vidonge vya kwanza vilinilaza. Nilikuwa nalala nikiwa nimeshika ufagio. Vya pili vilinitoa vipele. Vya tatu niliviweza, lakini mkono uliendelea kujikunja mara nyingi kwa siku, na kuanguka kuliendelea. Nilianguka sokoni Mtwara, na msamaria mmoja, kwa nia njema kabisa, akaniingiza mpini wa kijiko mdomoni nisije nikameza ulimi. Jino langu la mbele likavunjika. Ulimi haumezwi. Ukimwona mtu amepatwa, mlaze ubavu, mwekee kitu laini chini ya kichwa, ondoa vitu vya kumuumiza, usimtie chochote mdomoni, na kaa naye mpaka azinduke. Kifafa kikikawia kukoma, mkimbizeni hospitali. Hayo tu.

Lakini kuliko kuanguka, kilichonitesa ni kusahau. Nilisahau njia ya kwenda kwa Fatu, nyumba ninayoiona kutoka uani kwangu. Nilimtuma Rukia chumvi, akaleta, nikamtuma tena, akaleta tena, mara ya tatu akaanza kulia. Na kuna mengine nimeyajua kwa kusimuliwa tu, kwa sababu sina hata chembe yake kichwani. Selemani alikuja Jumapili moja, nikamwambia mbele ya watu kwamba anatia kitu kwenye chakula changu. Nilikataa kula alichonunua. Alichukua kile chakula, akakila mbele yangu, kisha akaenda kukaa nje. Miezi ile alianza kubaki mjini hata Jumapili. Hakuniacha, ila alichoka, na mimi nilikuwa nimegeuka mtu ambaye hakumwoa.

Sasa nimzungumzie mama yake.

Bi Somoe, mama mkwe wangu, anaishi Mahurunga na ni mkulima wa mpunga. Ni mtu wa maneno machache. Niliposhikwa na ugonjwa alikuja, akaniangalia nilivyoanguka mbele yake, na uso wake ukajifunga kama dirisha. Hakunigusa. Alianza kusema nisikae karibu na moto, nisichote maji, nisimshike mtoto. Alimleta mganga kutoka ng'ambo ya mto, nikafukizwa, nikapigiwa ngoma. Nilikubali kwa sababu nilikuwa tayari kukubali lolote. Nilianguka katikati ya ngoma, na wote wakafurahi, wakidhani shetani anatoka.

Halafu ikaja asubuhi ya uji. Nilikuwa naepua sufuria, Rukia yuko karibu na mafiga anangoja kikombe chake. Mkono ukajikunja. Sikuanguka hata, ni mkono tu. Uji ukammwagikia mguuni. Alilia sana, na mimi nikakaa namtazama nisijue nifanye nini. Fatu ndiye aliyekuja kumwagia maji ya baridi na kumpeleka zahanati. Kidonda kilikuwa kidogo na kilipona haraka. Lakini Bi Somoe alifika siku ya pili, akafunga nguo za mtoto kwenye kanga.

"Namchukua," aliniambia. "Ukipona utakuja kumfuata."

Nilimwambia ni mwanangu. Akasema anajua, na ndiyo maana anamchukua. Pikipiki iliwachukua wakaondoka, Rukia amekaa katikati na mguu wake umefungwa bandeji, ananipungia mkono. Nilirudi ndani nikaona kikombe chake, nikakigeuza kikaangalia chini, nikakiacha hivyo.

Mvua zilianza. Wajomba zake Selemani wakamwita Mahurunga kwa mazungumzo, na Fatu ambaye alikuwepo aliniletea habari. Walimwambia yeye bado kijana, dini inamruhusu, na mwanamke asiyeweza kushika sufuria hawezi kushika nyumba. Selemani aliwasikiliza wote mpaka wakamaliza, kisha akasema, "Mke wangu anaumwa. Hajaharibika." Akaaga. Jumapili iliyofuata alikuja Msimbati, na iliyofuata pia, wala hatukuzungumza chochote kuhusu kikao kile. Alianza kupika yeye. Wali wake ulikuwa umeungua chini na mbichi juu, na niliula wote.

Kwenye kliniki alikuwa amehamia daktari mpya, mwanamke, mtu wa Mbeya, naye anaitwa Daktari Tumaini. Siku hiyo Selemani alikuwa nami. Daktari alikuwa anaandika, mkono wangu ukajikunja, na akaacha kuandika. Akangoja. Ulipojikunja tena akaniuliza hilo lilianza lini, kama lilianza baada ya ile homa, kama nimekuwa nasahau, kama tabia imebadilika. Kwa swali la tabia mimi nilisema hapana. Selemani alitazama chini. Daktari akamwomba amsimulie, naye akasimulia kwa sauti ndogo, na ndipo kwa mara ya kwanza nikasikia habari ya chakula.

Sitaki kufundisha udaktari, si kazi yangu, lakini maneno aliyotuambia siku ile ndiyo yaliyotubeba, kwa hiyo nayaandika nilivyoyaelewa. Alisema kwenye ubongo kuna seli zinazopitisha umeme, na hizo ndizo zinazosemwa kila siku. Lakini hizo haziishi peke yake. Zimezungukwa na seli nyingine nyingi ambazo kazi yake ni kuzihudumia. Zinazilisha, zinasafisha uchafu, zinapambana na vijidudu vikiingia.

"Ulipopata homa, hizi za huduma ziliamka zikapigana," alisema. "Homa imekwisha, ila nadhani zenyewe hazijaambiwa. Bado zinawaka, na zinapowaka zinazichokoza zile za umeme. Vidonge ninavyokupa vinatuliza umeme. Havimgusi anayeuchokoza."

Nilimuuliza kama kuna dawa ya kumgusa huyo. Alisema ipo, dawa ya kushusha uvimbe, lakini haimfai kila mwenye kifafa, wengi wala haiwahusu, na inaweza kumdhuru mtu ikitolewa ovyo. Hawezi kujua kama mimi ninafaa mpaka nipimwe Dar es Salaam. Akatuandikia rufaa. Tukiwa njiani kurudi Selemani aliniambia, "Umesikia, si wewe." Nikamuuliza nini. Akasema ile habari ya chakula, haikuwa mimi.

Meli za korosho zilikuwa bado zinapakia, na Selemani angekosa kazi kama angeondoka. Fatu alikuwa na mtoto mchanga. Tulikuwa tunajiuliza nani atanisindikiza, na siku hiyo hiyo Bi Somoe akaja kutoka Mahurunga amevaa baibui la safari, ana kapu la mkononi na mchele wa kumpelekea mdogo wake anayeishi Mbagala. Rukia alikuwa amemwacha Mahurunga kwa shangazi yake mwingine. Hakuna aliyemwomba. Alisema tu kwamba gari linaondoka alfajiri na tulale mapema.

Safari nzima hatukuzungumza zaidi ya chakula na choo.

Chumba cha kungojea cha hospitali ile ya Dar es Salaam kilikuwa kikubwa, na siku ya kifafa kilijaa mpaka watu wakakaa kwenye ngazi. Nilikuwa sijawahi kuona watu wenye ugonjwa wangu wengi namna ile mahali pamoja. Palikuwa na mzee wa kanzu na mkongojo. Palikuwa na msichana wa chuo anasoma kitabu chake na kalamu sikioni. Palikuwa na mwanamume wa suti aliyekuwa anajibu simu za kazini, na simu ilipokatika akaanguka palepale, taratibu, na wale waliokaa karibu naye wakamlaza ubavu, mmoja akamkunjia koti chini ya kichwa, wakaendelea na mazungumzo yao huku mmoja amemshika bega. Hakuna aliyepiga kelele. Alipozinduka akapewa maji, akaomba simu yake.

Bi Somoe alikuwa ameangalia yote hayo. Kisha akaanza kuzungumza, macho yake kule kule mbele.

Alikuwa na kaka, akasema, anaitwa Mfaume. Alianza kuanguka akiwa kijana. Wazee wakamjengea kibanda chake mbali kidogo na nyumba, wakampa sahani yake na kikombe chake. Yeye Somoe ndiye aliyekuwa anampelekea chakula, anakiweka mlangoni na kurudi nyuma kama alivyoagizwa. Mfaume alikuwa anamwambia, njoo tule, na yeye hasogei. Siku moja alikuta chakula cha jana bado kipo. Mfaume alikuwa ameteremka mtoni peke yake kuoga, na hakurudi.

"Hatukujua kama kuna watu wengine kama yeye," alisema. "Yeye mwenyewe hakujua. Kumbe kuna foleni."

Nilitaka kumshika mkono, nikaogopa. Yeye ndiye aliyenishika. Mkono wangu wa kushoto, ule wenye vituko, aliuchukua akauweka mapajani pake, na ulipojikunja hakuuachia. Akauliza zile seli alizozieleza daktari zina kosa gani. Nikasema hazina kosa, zinalinda kupita kiasi. Akafikiri, akasema anaelewa.

Nilipimwa kwa mashine ya sumaku inayogonga kama fundi bati, nikabandikwa nyaya kichwani, nikachomwa sindano ya mgongo kutoa maji. Ile ya mgongo inaogopwa sana. Niseme ukweli, kilichouma zaidi kwangu ni kichwa baadaye, na kilipita kwa kulala chali na kunywa maji. Majibu yalikawia. Tulikaa Mbagala tukingoja, Bi Somoe anachambua mchele wa mdogo wake ambao tayari ulikuwa safi. Majibu yalipotoka, wakasema kweli, uvimbe upo, na upo upande unaolingana na mkono. Nililazwa nikaanza dripu za dawa ya uvimbe.

Siku chache baada ya dripu ya kwanza nilikuwa nimekaa kitandani nakunywa chai. Bi Somoe alikuwa ananitazama kwa namna ambayo ilinitisha, nikamuuliza kuna nini. Alisema, "Tangu asubuhi mkono haujajikunja." Sikuwa nimegundua. Tuliuangalia mkono, wote wawili, kama watu wanaoangalia mtoto aliyelala, tukiogopa kumwamsha.

Dawa ile ina bei yake mwilini. Uso wangu ulijaa, ukawa mviringo, macho yakawa madogo. Ndevu laini ziliota mashavuni. Tumbo likaja mbele, miguu ikabaki myembamba, mistari myekundu ikapasuka kiunoni. Nilikuwa na njaa isiyosikia wali. Sukari yangu ilipanda, wakanikataza chai ya sukari, nikalia kwa ajili ya chai kuliko nilivyolia kwa ajili ya jino. Kitandani jirani alikuwepo mama mmoja wa Lindi, naye uso wake umejaa, na alinichekesha kwa kusema kwamba sasa tumefanana, watu watadhani ni ndugu wa baba mmoja. Kulikuwa na muuguzi aliyekuwa ananichoma sindano ya dripu huku anaimba chini kwa chini ili nitulie. Kulikuwa na Bi Somoe, ambaye kila asubuhi alininyoa mashavu kwa wembe, polepole, ameshika kidevu changu, yule ambaye miezi yote ile hakutaka kunigusa.

Nilirudi Mtwara mpunga ukiwa unavunwa. Tulikwenda Mahurunga moja kwa moja. Rukia alikuwa uani anacheza na wenzake, akatuona, akamkimbilia bibi yake, kisha akasimama. Alinitazama. Alikuwa ameniacha mama mwembamba, sasa ameletewa mwanamke mwenye uso wa mviringo. Nilikuwa nimelifikiria jambo hilo njia nzima. Nilimwita jina lake. Akakunja mkono wake wa kushoto, akapinda mdomo, ule mchezo wake wa zamani, akangoja kuona nitafanya nini. Mkono wangu ulikaa kimya. Nikacheka tu, na kicheko hakikuwa kimevimba, akakijua.

Yaliyofuata hayakunyooka, na ni afadhali niliseme hilo. Dawa ile haiachwi ghafla, inapunguzwa kidogo kidogo, na mikorosho ilipochanua tena, dozi ikiwa imeshuka, nikaanguka uani kwangu. Nilikata tamaa kuliko mara ya kwanza, kwa sababu sasa nilikuwa na kitu cha kupoteza. Daktari Tumaini alipandisha dozi, akaongeza dawa nyingine ya kuzituliza zile seli kwa muda mrefu, na safari hii akashusha polepole zaidi. Kila kliniki aliniuliza maswali yaleyale, na kila mara nilimjibu na Selemani akiwa pembeni kunisahihisha. Uso ulipungua. Mistari ya kiunoni ikawa ya fedha. Kumbukumbu ya miezi ile haijarudi na nimeambiwa haitarudi. Kuna siku za utoto wa Rukia ambazo watu wengine wanazo na mimi sina. Huwa nawaomba wanisimulie.

Sivui tena peke yangu. Nanunua pweza kwa wenzangu mwambani, namchemsha, namkausha, nampeleka Mtwara. Siku za bamvua Fatu akiwepo naingia naye, mahali ambapo maji hayapiti kifundo cha mguu, na bado nina jicho.

Mwanzoni mwa mwaka huu Bi Somoe alinipigia simu. Kuna msichana hapo kijijini kwake, Mwanaidi, ameposwa na harusi imeahirishwa kwa sababu ameanza kuanguka. Wazazi wamemfungia ndani. Bi Somoe alikuwa amekwenda pale, amekaa mkekani kwa wazazi, na hakuondoka mpaka walipokubali atoke. Alitaka kujua kliniki ni siku gani.

Tulikutana hospitali. Mwanaidi alikuwa amesimama nje, ukutani, mtandio mpaka puani. Sikumlazimisha kuingia. Nilikwenda kuketi kwenye benchi nikamshikia nafasi, na Bi Somoe akaketi upande wangu wa pili, na mama mmoja aliyekuwa mbele yetu akamuuliza nani anaumwa. Bi Somoe akasema sisi sote hapa.

Baada ya muda Mwanaidi alikuja akakaa katikati yetu. Alikuwa na maswali mengi, kama atazaa, kama mchumba atakubali, kama atakunywa vidonge mpaka uzee. Nilijibu niliyoyajua, na nisiyoyajua nikamwambia amuulize daktari. Nilimwambia pia kwamba kifafa chake huenda si cha namna yangu, na dawa yake huenda ikawa nyepesi, kidonge kimoja tu kikamtosha. Kisha akaniuliza lile ambalo naona ndilo alilokuja nalo.

"Ukizinduka ukakuta watu wamekuzunguka wanakuangalia, unafanyaje?"

Hakuna daktari aliyewahi kuniuliza.

"Nawasalimia," nilisema.

Alicheka ndani ya mtandio, kidogo, kisha akaushusha mpaka shingoni. Mlango ukafunguka, muuguzi akaita jina lake, naye akasimama mwenyewe.